Nani Alihesabu Kanda? Kupanda na Kushuka kwa Bongo Records



Nimeombwa nieleze jinsi lebo huru ya hip-hop inavyozaliwa, inavyotamba na inavyoishia. Nimechukua Bongo Records ya Dar es Salaam. Najua kuna watakaonung'unika kwamba Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita mia tano kutoka hapa Moshi, kwa nini tusizungumze ya kwetu? Jibu langu la kwanza ni kwamba ya kwetu katika fani hii ni machache. Kijana wa Majengo au Pasua aliyekuwa na mistari kichwani mwaka 2001 alipanda gari la Arusha au basi la Dar es Salaam. Akibaki Moshi, mistari yake ilibaki naye. Jibu la pili ndilo lililonileta. Swali lililoimaliza Bongo Records na wenzake lilianza kuulizwa kwenye mlima huu wa Kilimanjaro mwaka 1925, likaulizwa na wakulima wa kahawa, na wao walihangaika mpaka wakapata la kufanya. Swali lenyewe ni hili: mali ikishatoka mkononi mwa aliyeizalisha, nani anaihesabu?

Historia nitaipitia haraka, maana wengi mnaijua. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 huku Bara tulikuwa na Redio Tanzania peke yake, na Redio Tanzania haikuwa na haja na vijana wa kufoka. Rap iliingia nchini kwa kanda za watu wenye ndugu Ulaya na Marekani. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa Ice Ice Baby akauwekea Kiswahili, na watu wakagundua kwamba kumbe inawezekana. Mwaka 1993 likaja kundi la Kwanza Unit. Mwaka 1994 Radio One ikaenda hewani, na kwa mara ya kwanza kijana wa Kitanzania aliyerekodi rap akawa na mahali pa kupeleka wimbo wake. Halafu akaja Mr. II, ambaye leo tunamwita Sugu, akaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba albamu nzima, na kwamba watu wataitoa pesa mfukoni kuinunua.

Redio zilikuwepo basi, na wasikilizaji walikuwepo. Kilichokuwa adimu ni chumba chenye vifaa na mtu anayejua kuvitumia. Wenye vyumba hivyo walihesabika. Walikuwepo Mawingu. Alikuwepo Master J, mhandisi kwa elimu, ambaye jina lake la ukoo, Kimaryo, halihitaji maelezo mbele ya hadhara hii. Na alikuwepo Paul Matthysse, kijana mwenye baba Mholanzi na mama Mtanzania, anayejulikana nchi nzima kwa jina la P-Funk Majani. Chumba chake ndicho kilichoitwa Bongo Records.

Ukitaka kujua Bongo Records ilikuwa nini, tazama majina yaliyopita mle. Professor Jay alitoka Hard Blasters, na mwaka 2001 akaachia Machozi, Jasho na Damu, albamu iliyomfanya mzee wa miaka sitini akae chini kusikiliza rap kwa sababu ndani yake kulikuwa na mambo ya wanasiasa ambayo mzee naye alikuwa akiyalalamikia. Juma Nature wa Temeke alitoa Nini Chanzo mwaka huohuo wa 2001 na Ugali mwaka 2003. Humo humo walipita Jay Moe, Solo Thang na Mchizi Mox. Akaja Albert Mangwea, ambaye angeweza kuanza kuimba katikati ya mstari wa rap na usijue ameingilia wapi. Hawakuwa wa mtaa mmoja wala wa mkoa mmoja. Walichoshirikiana ni yule mtu nyuma ya mashine.

Sauti yenyewe ilikuwa na mambo mawili. Kwanza ngoma ilikuwa nzito na wazi, besi ikisikika hata kwenye redio ya mbao ya kinyozi. Pili, maneno yalikaa mbele ya mdundo, yakasikika neno kwa neno. Hili la pili watu hulipita bila kulitazama. Rap ya Kiswahili iliuzika kwa hadithi: yule mwanamke, yule mheshimiwa, yule jamaa aliyeokota zali. Prodyuza aliyeizamisha sauti ya msanii ndani ya vyombo alikuwa anaizamisha bidhaa yenyewe. Majani alilielewa hilo mapema. Alisifika pia kwa ukali. Msanii aliyekuja na mistari mibovu alirudishwa nyumbani, na wakati ule kurudishwa na Majani kulikuwa na aibu yake. Halafu aliwachanganya. Juma Nature alipewa kiitikio katika wimbo wa Professor Jay, Zali la Mentali, na mnunuzi wa Temeke akajikuta anamnunua Jay, na wa Jay akamnunua Nature. Kama kuna kitu kilichoifanya Bongo Records ifanane na lebo, ni hicho: mtu mmoja mwenye sikio, akiamua nani aingie, nani akae na nani.

Ila lebo ina kazi nyingine ambazo hazihusu sikio.

Chukueni kanda yoyote ya miaka ile. Kama nyumbani bado mnazo, na najua kwa wazee wengine ziko kwenye boksi la viatu juu ya kabati, zitoeni mzitazame. Ule mkunjo wa karatasi ndani ya kasha, yaani kava, una picha ya msanii amekunja uso. Una orodha ya nyimbo za upande A na upande B. Una shukrani, tena ndefu: kwa Mungu, kwa mama, kwa madijei wote wa redio kwa majina, kwa washikaji wa mtaa, na kwa wale “niliowasahau msinune”. Lipo jina la prodyuza na la studio. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, lipo jina la duka la msambazaji Kariakoo na onyo kwamba hairuhusiwi kunakili. Tafuteni kila pembe ya karatasi ile. Hamtaona mahali palipoandikwa kanda hii ni ya ngapi kati ya ngapi. Baadaye COSOTA, taasisi ya hakimiliki, ilileta stika za kubandika kwenye kanda ili zihesabike, lakini kufikia hapo mchezo ulishakuwa na mazoea yake, na anayeweza kufyatua kanda anaweza kufyatua na stika.

Biashara yenyewe ilikwendaje? Msanii alilipia studio, au alimpata mfadhili wa kumlipia, au prodyuza alimwamini akamrekodi kwa mali kauli. Kazi ikiisha, masta, yaani rekodi ya asili, ilibebwa kwa msambazaji. Huyo msambazaji ndiye aliyekuwa na mashine za kurudufu, karatasi, maduka, na mtandao wa wateja wa jumla kuanzia Mwanza mpaka Mtwara. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia, vijana wakawaita “wadosi”. Palikuwa na namna mbili za kulipwa. Ya kwanza ni kuuza masta moja kwa moja, unapewa kitita unakwenda zako. Ya pili ni mkataba wa kulipwa kwa kila kanda itakayouzwa. Ya pili inaonekana nzuri zaidi mpaka unapouliza: na zilizouzwa ni ngapi? Unamuuliza nani? Unamuuliza yuleyule mwenye mashine. Anafungua daftari lake, anakwambia. Hukuwa na daftari la kulilinganisha nalo.

Sisemi wote walikuwa wezi. Biashara ya kanda ilikuwa na hasara zake, na msambazaji aliyeweka fedha kwenye albamu kumi alijua saba hazitarudisha hata gharama ya karatasi. Alilipa kodi ya duka, alilipa wafanyakazi, na kanda feki zilimuumiza yeye kabla hazijamuumiza msanii. Ninachosema ni kwamba hata angekuwa malaika, hesabu ilikuwa yake. Msanii na studio walikuwa wanaamini tu. Biashara ya kuamini tu huenda vizuri wakati wa mavuno. Njaa ikiingia, kila mmoja anamwona mwenzake mwizi.

Sasa naomba tupande mlimani.

Kahawa ilianza kuoteshwa Kilema, misheni ya Kikatoliki, mwishoni mwa karne ya 19. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imeingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, na walowezi wakaanza kukosa usingizi. Walidai Wachagga wakatazwe kulima arabika, kisingizio kikiwa magonjwa ya mibuni. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake akiwa Joseph Merinyo. Chama kilianza kwa kulinda haki ya kulima, kisha kikageukia kuuza. Serikali ya kikoloni haikupenda kilivyojitegemea, Merinyo akaondolewa, na baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, na vyama vya msingi chini yake.

Jina la KNCU kila mtu hapa analijua. Mimi nataka mtazame kitu kidogo zaidi, siku ya kupima kahawa katika chama cha msingi, iwe Kibosho, Mamba au Uru. Mama amebeba kahawa ya maganda kichwani tangu kihambani. Anaiweka kwenye mizani. Karani anasoma, na yeye mama anasoma, na jirani aliye nyuma yake kwenye foleni naye anachungulia. Kilo zinaandikwa kwenye kitabu, mama anapewa stakabadhi. Analipwa malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa kiwandani hapa Moshi, inakwenda mnadani, inauzwa. Bei ikiwa nzuri, stakabadhi ile inamrudishia malipo ya pili. Karani anaweza kumwibia nusu kilo, na malalamiko ya mizani katika vyama hivi ni ya zamani kama vyama vyenyewe. Lakini mama ana karatasi. Akigombana, anagombana akiwa na karatasi mkononi.

Msanii wa Bongo Records hakuwahi kuiona siku ya kupima. Alikuwa na malipo ya awali tu. Malipo ya pili hayakuwepo kwa sababu stakabadhi haikuwepo. Wenzetu wa Kagera wana jina la mtindo wa kuuza kahawa ingali maua, unachukua pesa leo kwa mavuno ambayo hujayaona: wanauita butura, na serikali imekuwa ikiupiga marufuku miaka nenda miaka rudi. Kijana aliyekwenda Kariakoo kuchukua kitita cha albamu ambayo bado hajamaliza kuirekodi alikuwa anauza butura. Hakuna aliyempigia marufuku.

Mtaniambia naupamba ushirika. Hapana. Mwaka 1937 wakulima wa mlima huuhuu walivamia maghala ya vyama vyao wenyewe kwa hasira ya bei na ya kulazimishwa kuuza kupitia KNCU. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote kwa amri, na ilipovirudisha kwa sheria ya 1982 vilirudi vikiwa vimechoka. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na soko lilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaingia mpaka vijijini. Wapo hapa ndani ambao baba zao waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Ninayajua yote hayo. Hata hivyo, jengo lililojengwa kwa pesa ya kahawa bado limesimama katikati ya mji huu, na wapo watu wazima wengi hapa waliosomeshwa na malipo ya pili. Nionyesheni jengo moja lililojengwa kwa pesa ya kanda na wale walioziimba.

Turudi kwa Majani. Bongo Records haikuanguka siku moja. Nami siafiki maelezo yanayotolewa vijiweni kwamba uharamia peke yake ndio ulioiua. Mambo kama matatu yalikuja karibu karibu, kila moja likilikuta lingine limeshatoboa ukuta.

La kwanza ni kompyuta. Chumba kile kilikuwa na thamani kwa sababu vyumba vilikuwa vichache. Programu ya Fruity Loops ilipoingia, kijana mwenye kompyuta ya kuungaunga na kipaza sauti aliweza kurekodi chumbani kwake Sinza, Arusha au hapa Kiboriloni. Wimbo ulioweza kupigwa redioni haukuhitaji tena ruhusa ya mtu yeyote mwenye sikio. Hili lilikuwa jema kwa vijana wengi na baya kwa muziki wenyewe kwa miaka kadhaa. Tulisikia mambo ya ajabu.

La pili ni kufa kwa albamu. Kanda ilikwenda na CD ikaja, na CD kila mwenye kompyuta alikuwa kiwanda. Msambazaji wa Kariakoo, aliyekuwa benki ya biashara nzima, alifunga mkono. Msanii akaanza kuachia wimbo mmoja mmoja, anaupeleka redioni bure, ukishika anapata shoo. Pesa ikahama kutoka kwenye masta ikaenda jukwaani. Ninyi wa Moshi mnalijua hili kuliko watu wa mikoa mingine, maana Desemba Wachagga wakipanda kuja kula Krismasi, wasanii nao wanapanda nyuma yao. Lakini jukwaani studio haina chake. Prodyuza aliyetengeneza wimbo alilipwa mara moja, msanii anauimba miaka kumi. Studio iliyoishi kwa ada ya kurekodi na kitita cha msambazaji ikabaki na ada peke yake, tena ada iliyokuwa ikishuka kila mtaa unapopata studio mpya.

La tatu ni watu. Lebo yenye mikataba hubaki na nyimbo hata msanii akiondoka. Studio msanii akiondoka hubaki na viti. Juma Nature alikuwa tayari jina kubwa kuliko studio yoyote. Akawa na TMK Wanaume, na mwaka 2006 kundi hilo nalo likapasuka, yeye akaanzisha Wanaume Halisi. Professor Jay alirekodi kwa maprodyuza mbalimbali, na mwaka 2015 akawa Mbunge wa Mikumi. Mangwea alifariki Afrika Kusini tarehe 28 Mei 2013, akazikwa Morogoro na umati ambao mji ule haukuuzoea. Nyimbo zake zilipigwa redioni wiki nzima mfululizo. Mimi nikawa najiuliza swali la mtu mchoyo: kila zinapopigwa hivi, nani anaandika?

Msidhani haya ni ya kwetu pekee. Sugar Hill Records ya New Jersey, iliyotoa Rapper's Delight mwaka 1979 na kuifanya rap kuwa biashara, ilikuwa mali ya mume na mke, Sylvia na Joe Robinson. Ilifunga mwaka 1986 ikiwa imezama katika kesi, huku wasanii wake wakilalamika kwamba hawakuona hesabu. Rawkus ya New York ilikuwa na fedha za mtoto wa Murdoch nyuma yake na wasanii kama Mos Def na Talib Kweli mbele yake, na bado ilimezwa. Nairobi, Calif Records ya Clemo na Jua Cali iliishika mitaa kwa mtindo wa genge, kisha kila mtu akatafuta chake. Lebo huru huwa na maisha mafupi. Tofauti ni kwamba Sugar Hill ilipokufa iliacha masta zenye mwenyewe, zikauzwa, zinaendelea kulipa mtu fulani mpaka leo. Za kwetu nyingi hujui ziko kwa nani, na zilizo kwenye mikanda mikubwa zinaota ukungu.

Kuna waliojaribu kupita pembeni. X Plastaz wa Arusha, jirani zetu hapa, hawakusubiri Kariakoo. Mwaka 2004 albamu yao Maasai Hip Hop ilitolewa na Out Here Records ya Munich, wakazunguka Ulaya, wakalipwa kwa mikataba ya Ulaya. Nyumbani waliuza kidogo kuliko walivyostahili, na mwaka 2006 mmoja wao, Faza Nelly, akauawa kwa kuchomwa kisu. Njia yao ilikuwa halali kabisa. Ila soko la Munich haliwezi kulisha vijana wote wa Kanda ya Kaskazini.

Dar es Salaam, Tongwe Records ilikuja baadaye kuwa nyumba ya hip-hop ngumu, ya kina Roma Mkatoliki. Tarehe 5 Aprili 2017 Roma na wenzake walichukuliwa na watu wasiojulikana wakiwa studio hapo, wakapatikana siku tatu baadaye. Nalitaja hilo kwa kifupi kwa sababu mwenye lebo huru asipolikumbuka atakuwa anajidanganya: chumba kimoja chenye mtu mmoja ni rahisi kuvunjwa, iwe na soko, iwe na mkono mwingine.

Halafu zikaja simu. Miito ya simu iliingiza fedha ambazo kanda haikuwahi kuziota, na hesabu ikahama kutoka kwenye daftari la mdosi ikaenda kwenye kompyuta ya kampuni ya simu, ikipitia kampuni za kati. Msanii akawa analetewa karatasi yenye namba mwishoni. Tofauti na zamani ilikuwa kwamba karatasi sasa imechapwa vizuri.

Kilichobadilisha mambo kweli ni YouTube, na si kwa sababu inalipa sana. Inalipa kiasi. Ni kwa sababu namba ipo pale chini ya video na kila mtu anaiona: msanii, mpinzani wake, mdhamini, na mama yake. Angalieni kwamba lebo za Kitanzania zenye nguvu zimezaliwa baada ya namba kuonekana. Wasafi ya Diamond Platnumz ilijengwa juu ya namba hizo. Nayo ikatuonyesha upande wa pili wa shilingi, maana msanii wake Harmonize alipoondoka mwaka 2019 alisema kujitoa kwenye mkataba kumemgharimu shilingi milioni 500. Walionung'unika kwamba Bongo Records haikuwa na mikataba sasa wananung'unika kwamba kuna mikataba. Mimi nachukua mkataba mgumu unaosomeka kuliko urafiki usioandikwa. Wanasheria tunao.

Katika wote, mfano ninaoupenda ni wa Arusha. Weusi waliungana kutoka makundi ya Nako 2 Nako na River Camp: Joh Makini, Nikki wa Pili, G-Nako na wenzao. Ni kampuni ya wanaoimba wenyewe. Kila mmoja anatoa ngoma zake, jina na mzigo vinakaa pamoja. Nikki wa Pili aliteuliwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe mwaka 2021 na kundi halikufa. Hawajawa matajiri wa kutisha, lakini wamedumu zaidi ya muongo mmoja, na katika biashara hii kudumu muongo ni kama kahawa kudumu karne.

Nilitamani hapa niwaambie kwamba mirabaha itatuokoa. COSOTA iligawa mirabaha ya muziki mwanzoni mwa mwaka 2022, zaidi ya shilingi milioni 300 kwa wasanii zaidi ya elfu moja. Pigeni hesabu wenyewe: kwa wastani ni kama laki tatu kwa kichwa. Ni hatua, lakini ilikuja miaka 23 baada ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Nawapongeza walioipiga, lakini nisingemshauri mtu aache shamba kwa ajili yake.

Sasa ninyi vijana mliokaa karibu na mlango, na nashukuru bado mpo. Najua wengine mnarekodi. Najua Moshi sasa ina studio kwenye vyumba ambavyo mama mwenye nyumba hajui ni studio. Msianze kwa kutafuta lebo ya kuwachukua. Andikeni nani ametunga, nani ametengeneza mdundo, nani analipwa asilimia ngapi, siku ileile mnayorekodi, kabla wimbo haujapendwa na mtu; ukishapendwa hamtaandika tena kwa amani. Masta ikae sehemu mbili. Akaunti ya kupokea fedha isiwe ya mtu mmoja. Mkataba uwe wa Kiswahili mnachokielewa, na asiyetaka kuuandika kwa Kiswahili mwulizeni anaficha nini.

Nanyi wazee wa ushirika, kuna deni kwenu. Mmekaa na maarifa ya kupima, kuandika stakabadhi na kugawa malipo ya pili kwa karibu miaka mia, mkidhani ni maarifa ya kahawa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haikusema ushirika ni wa mazao ya shambani tu. Vijana kadhaa wenye nyimbo, prodyuza wawili, mhasibu mmoja aliyesoma chuo cha ushirika hapahapa mjini: hicho ni chama. Kitagombana, ndiyo. Kitaibiwa na karani siku moja, ndiyo. Lakini watagombana wakiwa na daftari mezani, jambo ambalo Bongo Records, pamoja na ukubwa wake wote, haikuwahi kuwa nalo.

Ofisi ya Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika ipo hapahapa mkoani. Nendeni mkaulize masharti ya kuandikisha chama, na mwende na wazee hawa.